Apu ya lugha niliyotumiwa kwa ajili ya mama: nyota mbili, na moja ni ya kava

Naandika kwa wale wenye wazazi nyumbani maana hii kitu kama haijafika kwenye grupu lenu la familia basi inakuja. Ni apu ya kujifunza lugha, jina silitaji sababu sitaki kesi na mtu, ile ya kulipia kwa mwaka. Kaka yangu wa Mbagala alilipa elfu tisini na tano, akaiweka kwenye kishikwambi, mtindo ule ule wa vya sensa na kava lake gumu la raba, mtumba wa Kariakoo laki mbili na themanini, akakipa basi kikaja Mtwara na kikaratasi kimeandikwa "cha mama, asikose hata siku moja". Tumekaa nayo miezi mitano. Nahisi sasa naruhusiwa kuongea.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya kava, kishikwambi kimedondoka sakafuni mara nne na mara moja kimedondokea ndoo ya dagaa (wakavu, shukuru Mungu) na hakina hata mkwaruzo. Ya pili nitasema huko mbele ilitoka wapi, maana hata waliotengeneza apu hawajui kama walistahili.

Sababu ya kaka kununua ni klipu. Alisikia kwamba mtu anayeongea lugha mbili demensia inamchelewa miaka minne, yaani ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, huku kwetu hatuna jina lake moja, mtu atasema uzee umempanda kichwani, mwingine atasema yule kachezewa na wakwe. Na kaka simlaumu kwa kuogopa, mama mkubwa wa Newala anao tayari na tumeuona kwa macho yetu. Kwahiyo akapiga hesabu, mama ana miaka 71, tumpe lugha ya pili tununue miaka minne, elfu tisini na tano gawanya kwa minne ni bei ya chini kuliko bando. Ukiisikia hivi inaingia akilini kabisa.

Ila sasa lugha ya pili mama alishaipata kabla uyo kaka hajazaliwa.

Mama kazaliwa Newala, Chimakonde ndo kanyonya nacho (sisi tunasema Chimakonde, Kimakonde ni ya kwenu nyie wa Dar). Kiswahili alikikuta shule, akasoma mpaka la nne wakamtoa. Akaolewa Masasi kwa baba yetu ambae ni Myao, na bibi yetu mzaa baba alikuwa haongei kitu zaidi ya Chiyao, kwahiyo bi harusi alijifunza Chiyao mwezi wa kwanza tu la sivyo angeshindwa hata kujua chumvi imewekwa wapi. Majirani wa upande wa pili Wamakua, nao akawashika. Baadae wakahamia Mtwara akawa anauza samaki Feri, na kipindi fulani alikuwa anapeleka dagaa mpaka Kilambo kule mpakani na Msumbiji, akaokota na Kireno cha kuhesabia hela. Hapo ni lugha nne na robo, hajalipia hata moja. Halafu mtu anamtumia Kifaransa.

Kwanini Kifaransa? Kaka alisema ndo kilikuwa cha kwanza kwenye orodha.

Haya tuje kwenye apu yenyewe. Ukiifungua inakuuliza we unaongea lugha gani ili ikufundishie kwa lugha yako. Nikashuka na orodha, Kihispania kipo, Kichina kipo, Kituruki kipo, nikashuka mpaka chini kabisa, Kiswahili hakuna. Kipo upande wa pili, kwa Mzungu anayetaka kujifunza Kiswahili aje kusema jambo jambo Zanzibar, lakini wewe mwenye Kiswahili chako kukitumia kama daraja la kwenda kwingine, hapana. Sasa mama inabidi ajifunze Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, na Kiingereza cha mama ni "gudi moningi ticha" na "plizi". Unafundishwa usichokijua kwa usichokijua. Ikabidi kila jioni nikae pembeni yake natafsiri, yaani kaka alilipa elfu tisini na tano ili mimi nipate kazi.

Masomo yenyewe yana vituko. Kuna mtoto wa kiume kwenye ile apu anakula tofaa. Jumatatu anakula tofaa, Jumanne anakula tofaa, wiki ya tatu bado yuko na tofaa lake, mama akaniuliza "hivi uyu mtoto kwao hawapiki?" Nikamwambia mama ni mfano tu. Akasema mfano gani wa kumtesa mtoto, si wangempa hata bibo, maana ilikuwa mwezi wa kumi na mabibo yanaoza tu kwenye mikorosho. Halafu kuna sentensi sijui zinatungwa na nani, mwanamke anamuuliza farasi kama amechoka, mama akaweka kishikwambi chini akaniangalia, akasema "uyo ndo wa kupelekwa hospitali, sio mimi".

Kipaza sauti ndo kilituvunja mbavu na kutuvunja moyo kwa pamoja. Unatakiwa urudie neno, apu inasikiliza inasema umepatia au umekosea. Mama hana meno mawili ya mbele. Kila akisema, inakataa. Anarudia, inakataa. Mwanangu wa miaka tisa akisema neno lile lile, tena anasema huku anatafuna muhogo, inapokea. Siku ya tatu mama akasema "hiki kinanisikiliza au kinanibishia?" Na ukikosea inakupunguzia vimoyo, vikiisha imefungwa mpaka usubiri au ulipie tena, eti umelipa wa mwaka lakini kuna mwaka mwingine wa juu zaidi. Mama akasema mwalimu wao wa Newala alikuwa anachapa lakini hakuwahi kumnyang'anya mtu moyo.

Bando sasa. Kila somo linavuta intaneti, ukiwa huku Chuno mtandao wa jioni unazunguka kama pia, mama anajua jibu lakini kile kiduara kinazunguka mpaka anasahau alikuwa anajibu nini, alafu unasema kitu cha kuzuia kusahau.

Basi nikaamua kusoma mwenyewe ile habari ya miaka minne, maana kaka akishika jambo huwezi kumtoa bila karatasi. Na nikakuta kaka hajadanganywa, ila kapewa robo ya maneno. Ile miaka minne imetoka Toronto, Kanada, mwaka 2007, mama mmoja mtafiti anaitwa Ellen Bialystok na wenzake walichukua mafaili ya wagonjwa 184 wa kliniki ya kumbukumbu, wakakuta wale waliokuwa wanatumia lugha mbili maisha yao dalili zilianza kuonekana kama miaka minne baadae kuliko wa lugha moja. Mwaka 2013 wakina Suvarna Alladi kule Hyderabad, India, wakafanya kwa wagonjwa 648, ikatoka miaka minne na nusu. Na hii ya India ndo iliyonikalisha kitako, sababu Hyderabad ni kama kwetu, mtu lugha ya nyumbani ni nyingine, ya sokoni nyingine, ya serikali nyingine, hajajifunza lolote kwa kitabu. Tena wakaangalia mpaka wale ambao hawajawahi kukaa darasani, nao wakachelewa vile vile. Kwahiyo sio habari ya wasomi tu. Ni habari ya mama yangu wa la nne.

Sasa sikiliza kipande ambacho klipu ya kaka haikukisema. Uko uko Hyderabad waliangalia je ukiwa na lugha tatu au nne unazidi kuchelewa? Hawakuona nyongeza. Mbili zilitosha. Nikampigia kaka nikamsomea, akanyamaza, akaniambia "lakini Kifaransa ni lugha ya dunia". Nikakata simu.

Wanavyoelezea kwanini inakuwa hivyo mi nilielewa haraka sababu nimekulia chini ya meza ya samaki. Wanasema mtu wa lugha mbili zote ziko macho kichwani muda wote, akitaka kusema moja inabidi aikandamize nyingine isichomoke, na akibadili inabidi ageuze upesi, kazi hiyo ya kukandamiza na kuachia anaifanya kutwa nzima bila kujua. Ungemuona mama Feri enzi zake. Mteja wa mjini anamwambia kwa Kiswahili "karibu mwanangu, changu huyu wa leo leo", hapo hapo anageuka anamwambia mwenzie kwa Chimakonde kwamba uyu mbishi usimshushie, mpita njia Mmakua kamsalimia kwa Kimakua kaitikia, anarudi kwa mteja anatabasamu kama hajasema kitu, na chenji hajakosea. Miaka thelathini. Kila siku kuanzia alfajiri ngalawa zinavyoingia. Sasa linganisha na dakika kumi za mtoto na tofaa lake.

Na sio kwamba ugonjwa haupo. Hilo nalo watu wanalichanganya, wanasema lugha zinazuia demensia. Wanachosema watafiti ni akiba. Kuna wengine Toronto uko uko, 2012, waliwapiga picha za kichwa wagonjwa wa aina mbili, wa lugha moja na wa lugha mbili, waliokuwa wanalingana kwa kusahau, wakakuta wa lugha mbili ubongo wao ulikuwa umeliwa zaidi. Yaani kaumwa zaidi lakini anaonekana sawa na mwenzie. Ni kama ngalawa mbili zote zinavuja, moja ina wafua maji wengi, inatembea mpaka mbali kabla watu wa pwani hawajajua kama kuna tundu. Lakini tundu lipo pale pale. Na ndo maana wengine wakishaanza kuonyesha unaona kama wameporomoka ghafla.

Nisiwe mchoyo wa upande wa pili, maana wapo waliokataa na wana hoja. Kule New York kuna utafiti wa 2014, waliwafuata wazee wa Kihispania zaidi ya elfu moja, wengine miaka zaidi ya ishirini, wote walianza hawana demensia, wale wanaojua na Kiingereza mwanzoni walikuwa na alama nzuri zaidi, ila mwisho wa siku nani alipata demensia na nani hakupata, lugha haikuleta tofauti. Na 2017 watu wa chuo kikuu kimoja cha London wakakusanya tafiti nyingi wakaziweka pamoja, wakaona kwamba zile zinazoangalia wagonjwa waliokwishafika kliniki ndo zinazoonyesha kuchelewa, zile zinazomfuata mtu kuanzia mzima hazionyeshi. Nilivyosoma hii nikacheka, maana ukikaa stendi ya Mtwara ukahesabu mabasi yaliyofika tu utaapa kwamba barabara ya kusini basi haliharibiki. Yaliyolala njiani huyaoni.

Mi nilipo? Naamini kuna kitu, sina uhakika kama ni miaka minne, na nina uhakika kama jua kwamba hakiuzwi kwa mwaka.

Sasa mama mkubwa. Hapa nilikuwa nataka kuruka lakini ndo sababu ya yote.

Mama mkubwa ana miaka kama 80, lugha zake ni hizo hizo za mdogo wake ukitoa Kireno, na zote hizo hazikumkinga. Mwaka juzi tulimleta Mtwara akae kwangu sababu Newala alikuwa anatoka usiku anasema anaenda kuchota maji bondeni, vile walivyokuwa wanafanya zamani kabla ya mabomba, wanashuka genge lile lote na kupanda na ndoo kichwani. Akaja. Kiswahili kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, leo anacho kesho hana, mpaka kikaisha kabisa akabaki na Chimakonde peke yake. Nimekuja kujua ni kawaida, mara nyingi lugha ya mwisho kuingia ndo inakuwa ya kwanza kutoka, na ile ya kunyonya inabaki mlangoni. Lakini kwenye nyumba yangu nani anaongea Chimakonde? Mimi nasikia, kuongea navunja vunja. Watoto wangu sifuri. Mama wakati huo alikuwa Masasi kwenye msiba.

Siku hiyo mimi niko kazini. Mama mkubwa akawa anaita "medi, medi". Watoto wakaona anamuita Medi, yule kijana wa bajaji jirani. Wakaenda kumuita, Medi wa watu akaacha abiria akaja, akasema "shikamoo bibi, nimekuja", bibi anamuangalia anaanza kulia, "medi". Medi akakaa pale nusu saa nzima anamshika mkono. Nilivyorudi saa kumi nikakuta midomo yake imekauka ina nyufa. Medi kwa Chimakonde ni maji.

Sitaandika zaidi kuhusu hiyo siku.

Baadae tukampeleka hospitali moja, nayo siitaji. Nesi alikuwa mpole, tatizo sio yeye, ana karatasi yake ya maswali na foleni ya watu arobaini nje. Leo tarehe ngapi, huu mwaka gani, mia toa saba, kariri maneno haya matatu. Kwa Kiswahili. Mama mkubwa kimya kama jiwe, nesi anaandika sifuri, sifuri, sifuri. Mama yangu alikuwa kasimama nyuma na kanga yake mdomoni, akashindwa kuvumilia akamuuliza dada yake kwa Chimakonde nitajie wanyama, na yule bibi wa sifuri akaanza, mbuzi, kuku, nguruwe pori wanaokula mihogo, ngedere, akawa anawataja na anasema uyu anaharibu shamba uyu haharibu. Walifika kumi na moja, nilihesabu kwa vidole. Ni kweli mwaka hakuujua kwa lugha yoyote, na alivyoulizwa mume wake yuko wapi akasema kaenda Nachingwea kwenye karanga, mume amekufa siku nyingi na kazi ya karanga iliisha Waingereza bado wapo. Anaumwa, sikatai. Ila karatasi ilisema hana kitu na kitu kilikuwepo.

Kumbe hapa hapa Tanzania, Hai, Kilimanjaro, ilishafanyika kazi ya kutengeneza kipimo cha wazee ambao hawajasoma, mzee hashikishwi kalamu, anatajishwa wanyama, anapewa njiti za kibiriti apange kama alivyoonyeshwa. Uko uko Hai walipowapima wazee wa miaka 70 kwenda juu walikuta kama sita katika kila mia wana demensia. Mtu akiniambia ni ugonjwa wa Wazungu huwa namuonyesha hiyo. Mi ombi langu lingekuwa hizo njiti zifike na kusini, na pembeni ya nesi akae mtu anayeongea Chimakonde, Chiyao au Kimwera, hata yule anayefagia korido, maana wafagiaji wote wanaongea.

Turudi kwenye bidhaa, najua mnasema nimepotea.

Nyota ya pili. Mwezi wa pili wa kutumia apu niligundua mama anaweka sauti mpaka mwisho, yaani jirani wa tatu naye anajifunza Kifaransa. Nikidhani kishikwambi ni kibovu, mtumba tena. Nikasikiliza mimi, sauti safi. Nikampima, nikasimama nyuma yake nikamuita kawaida, hajageuka. Kumbe yale yote tuliyokuwa tunasema mama siku hizi hasikilizi, mama anajibu vingine, mama kawa mkimya kwenye mazungumzo, ilikuwa sikio. Tukaenda, sikio la kulia likatolewa nta ngumu kama gundi ya mkorosho, la kushoto wakasema uwezo umeshuka kweli. Na nilivyosoma nikakuta ile kamati ya jarida la Lancet ya 2024 imeorodhesha mambo 14 yanayochangia demensia ambayo mtu anaweza kuyagusa, wanasema yote kwa pamoja yanabeba karibu nusu ya wagonjwa, asilimia 45, na kusikia vibaya ni moja ya makubwa kabisa. Presha ipo, kisukari kipo, kutoona vizuri kupo, kukaa mpweke kupo, kutosoma utotoni kupo. Lugha mimi sikuikuta kwenye hayo kumi na nne. Kwahiyo apu, bila kukusudia, ilinionyesha sikio la mama, na kwa hilo naipa nyota yake kwa roho safi. Presha tukapima hapo hapo, 168 kwa 100, alikuwa hajui, sasa yuko kwenye dawa.

Na nisiseme kwamba mzee kujifunza lugha mpya ni upuuzi, hapana. Kule Edinburgh kuna watu 853 waliozaliwa 1936, walipimwa akili wakiwa na miaka 11 mwaka 1947 na wakapimwa tena wameshafika miaka ya sabini, Thomas Bak na wenzake wakaandika 2014 kwamba wanaojua lugha ya pili walikuwa vizuri kuliko ilivyotarajiwa kutokana na ule mtihani wa utotoni, hata wale waliojifunza wakiwa watu wazima. Kama mzazi wako ana lugha moja tu, amestaafu, anakaa anaangalia ukuta, na Kiingereza kinapanda, mnunulie, hautapoteza. Lakini kwa mzee wa Newala, Tandahimba, Masasi, Lindi, Ruangwa, hawa watu lugha wanazo, kilichopungua ni wa kuongea nao. Dada zao wamekufa, watoto tumekuwa wa Kiswahili, wajukuu wanasema kwa katuni.

Sisi tulichofanya, hela ya kaka ya bando la kila mwezi nimeigeuza nauli. Jumanne na Ijumaa Medi anampeleka mama sokoni kwa wauza ming'oko, elfu moja kwenda elfu moja kurudi, anakaa pale na wenzie mpaka adhuhuri, wanabishana kwa Chimakonde, anapita Myao wanamgeukia kwa Chiyao, anarudi nyumbani kachoka na anasimulia mpaka saa tatu usiku. Mama mkubwa naye siku akiamka vizuri tunampakia, hachangii sana, ila akisema medi pale watu kumi wananyanyuka.

Mwanangu ndo kaendelea na Kifaransa, anajua mtoto anakula tofaa. Ila siku moja akamuuliza bibi yake tofaa kwa Chimakonde linaitwaje, mama akamwambia Newala ya wapi ilikuwa na tofaa, uliza kitu cha maana. Wakaanza na ndoo, moto, jembe, mvua. Mama kaiba mbinu za apu, akikosea neno anamnyang'anya kipande cha kashata, akipatia anarudishiwa, ila tofauti na apu hakuna kulipia tena. Wiki ya pili sasa na mtoto ana kashata nyingi kuliko mimi.

Huduma kwa wateja, andika tu kwamba haipo. Niliomba kusitisha, nikajibiwa na roboti kwa Kiingereza kwamba wamefurahi kusikia kutoka kwangu. Nikaandika tena, wamefurahi tena. Kama mtalipia mtoe kabisa ile ya kujilipia yenyewe mwaka ukiisha, kaka hakuitoa na siku ikifika kadi yake inakatwa.

Na haiachi kulia. Mama alishaacha kuifungua lakini kila usiku saa mbili kengele, ting, kijimtu kinatokea kwenye kioo kinalia machozi kwamba kimemkumbuka mama, kwa Kiingereza. Jana ikalia tukiwa tunakula. Mama akaifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kishikwambi akakisogeza karibu na uso, akakijibu kwa Chimakonde, taratibu, maneno marefu, mama mkubwa pale mkekani akaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu afike Mtwara. Nikamuuliza mama umekiambia nini. Akaniambia we kula.